Mama wa Matangazo Hasomi "na Wengine"

Nimekatazwa kutaja jina lake mpaka siku yake ifike, na kwa jinsi anavyopanda ngazi za kontena letu kwa fimbo moja na matusi mawili, siku hiyo bado iko mbali. Kwa hiyo nitamwita kama wanavyomwita watu wa Munuki, mtaa wetu hapa Juba: Mama wa Matangazo. Mtaje mbele ya dereva yeyote wa boda pale stejini kwetu, naye atakuuliza kwanza nani kafa.

Redio yetu imo ndani ya kontena lililowahi kuleta vigae vya sakafu. Kuta zake tumezibandika magodoro ya sponji ili yameze mwangwi, na wakati wa joto magodoro hayo humeza hewa pia, hata msomaji wa taarifa ya saa saba mchana huisoma akiwa kifua wazi. Wasikilizaji hawajui. Anasoma habari za bunge kwa heshima zote, na jasho linamtiririka mpaka kitovuni.

Juba ina redio nyingi kuliko barabara za lami, na kila moja imejichagulia kazi. Moja inahubiri tangu alfajiri mpaka mafuta ya jenereta yaishe. Moja ni ya amani: ina mchezo ambamo koo mbili hugombania kisima, hupatana katika sehemu ya kumi na mbili, kisha mfadhili akiongeza muda hugombana tena. Ipo ya mpira, ambako wanaume wanne huwafokea makocha wa Ulaya kana kwamba makocha wanasikiliza. Ipo ya bolingo, ile rumba ya Kongo, na nyimbo za Kampala. Sisi tulikuwa redio ya kila kitu, maana yake hatukuwa na chochote, isipokuwa dakika arobaini za matangazo ya watu kila asubuhi: vifo, mbuzi waliopotea, vitambulisho vilivyookotwa, harusi zilizoahirishwa bila maelezo. Yalisomwa kwa Kiarabu cha Juba, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yetu tuliokulia Uganda na Kenya. Mara zote mbili msomaji alikuwa yeye.

Sauti yake haikuwa nzuri, tusidanganyane. Ilikwaruza kama kijiko kwenye sufuria iliyoungua, na katikati ya sentensi alipumzika kadiri alivyotaka. Lakini saa yake ikifika, watu waliacha bolingo wakaja kwetu. Jirani yetu Msomali, mwenye duka la jumla, mtu wa Garissa asiyesifu kitu ovyo, aliwahi kuniambia, "Huyo mama yenu akianza kusoma, wateja wangu wote wananyamaza. Hata mimi siwezi kupima sukari. Naogopa kusikia jina nalijua."

Kabla ya kusoma, alikaa dirishani. Dirisha lilikatwa kwa msumeno kwenye ubavu wa kontena, na mtu mwenye tangazo alisimama nje juani huku Mama akiwa ndani na daftari, kalamu na karanga. Hakupokea karatasi ya mtu bila kuihoji. Polisi wetu wangeuliza maswali kama yake, mji huu ungekuwa na wezi wachache sana.

Siku moja alikuja kijana aliyevaa vizuri, akataka kutangaza kifo cha mjomba wake.

"Alikufa lini?" Mama akauliza.

"Jana."

"Nani aliona?"

"Watu."

"Watu iko na majina. Wewe mwenyewe iliona?"

"Niliona, Mama."

"Alikuwa amevaa nini?"

Kijana akatazama juu, akatazama viatu vyake. "Koti," akasema.

"Koti, na hii joto?"

Ikadhihirika kwamba mjomba alikuwa mzima na pengine muda ule alikuwa anakunywa chai. Shangazi wawili walioko Torit walikuwa wameitwa mara tatu kwenye kikao cha mahari, wakakataa kuja. Familia ikaona kwamba kikao mtu anaweza kukikwepa, bali msiba haukwepeki. Mama akamrudishia kijana karatasi yake. "Rudi nyumbani. Mwambie mjomba yako, siku akikufa kweli, akuje hapa yeye mwenyewe, tutaongea."

Mbuzi nao walihojiwa. Mtu akileta tangazo la mbuzi mweupe, alimwambia mbuzi weupe ni wengi Juba, aseme tabia yake. Hivyo mji mzima ulisikia, kwa sauti ileile iliyosoma kifo cha shemasi, kwamba ametoweka mbuzi mweupe, sikio la kushoto limechanika, mkorofi, anapenda kula sabuni. Mbuzi huyo alirudishwa kabla ya mchana. Aliyemrudisha alisema asingemtambua kwa sikio, ila alikuwa amekosa sabuni mbili.

Lakini sheria yake kubwa ilihusu majina. Marehemu alitajwa kwa jina la ubatizo, jina la nyumbani, jina la sokoni, na kama aliwahi kukaa ukimbizini, jina alilojulikana nalo kambini. Kisha wafiwa wote, mmoja mmoja, kila mtu na mahali aliko na kazi anayofanya. Familia nyingi zilichoka katikati, zikaandika majina matatu ya wakubwa, halafu "na wengine." Hapo kalamu ya Mama ilisimama.

"Wengine ni nani?"

"Ni watu wa familia, Mama. Wako wengi."

"Hii wengine hapana iko na masikio? Kwenda leta majina."

Nimeona wazee wenye nishani wakirudi nyumbani kwa miguu kutafuta jina la mpwa aliyeko Koboko, Uganda. Walirudi wakilalamika, lakini walirudi nalo.

Alikuwa na makosa yake, nami nayasema kwa furaha. Nje ya hewa alikuwa mmbea wa daraja la kwanza. Alijua marehemu yupi alikuwa na nyumba ndogo, na mjane yupi alianza kupaka wanja wiki ya pili. Hata hivyo, akikaa mbele ya kipaza sauti aliwasoma wake wote wa marehemu kwa mstari mmoja, kwa utaratibu wa ndoa zao, na sauti haikupanda wala kushuka. Kila Jumapili alikwenda kanisani na kila Jumapili alilala. Aliyejaza misiba ya watu wote hakuhudhuria msiba wowote. Ukimwalika kwenye bika, ambako watu hukaa siku kadhaa kumlilia marehemu, alisema, "Mimi nimefanya yangu asubuhi," akaendelea na karanga.

Na hakuamini saa. Serikali ilipoamua kurudisha mishale nyuma kwa saa moja, nusu ya Juba ilikosea kila kitu kwa wiki mbili, na nusu nyingine ikapata kisingizio kipya cha kuchelewa. Mama hakubadilisha hata neno. Siku zote alikuwa akitangaza kwamba mazishi ni misa ya kwanza ikitoka, au malori ya maji yakimaliza foleni ya asubuhi pale mtoni. Hakuna aliyechelewa kwenye mazishi yake. Sisi wenye saa za mkononi ndio tulioulizana.

Jambo jingine: hakuwahi kujitaja hewani. Sisi vijana tulijitaja kabla ya wimbo, baada ya wimbo, na wimbo ukiwa dhaifu, katikati yake. Mimi nilikuwa na jina la hewani nililojipa mwenyewe, ambalo leo siwezi kuliandika bila kufumba jicho moja. Mama aliniuliza, "Wewe nasema jina yako mara kumi kwa saa moja. Iko naogopa utapotea?" Nikamwambia ndivyo redio zinavyofanya kote duniani. Akasema, "Msomaji hana jina. Jina ni ya wenye maneno."

Nilikuwa nimerudi kutoka Kenya, Kakuma kwanza, kisha Eldoret, na diploma ya utangazaji, Kiswahili cha mtaani na vipokea sauti vikubwa vya masikioni ambavyo nilivivaa hata sokoni. Wakanifanya meneja wa vipindi kwa sababu nilikuwa na kompyuta. Kisha akaja mtaalamu, khawaja, yaani mzungu, mpole mwenye kofia, akakaa nasi wiki mbili kutufundisha fomati. Alichora duara kubwa kwenye karatasi, akalikata vipande: muziki, salamu, muziki, dokezo la afya, muziki. Matangazo ya watu aliyapa kipande chembamba. Kila tangazo nusu dakika: jina moja la marehemu, majina mawili ya wafiwa, na wengine. Na muziki laini chini yake, ili msikilizaji asichoke.

Nilipenda lile duara. Nililibandika ukutani juu ya godoro kwa mikono yangu mwenyewe.

Mama alilitazama muda mrefu akitafuna. "Hii keki ni ya harusi ya nani?"

"Ni fomati, Mama. Hivi ndio tutakuwa tunafanya sasa. Watu wanaboeka na majina mengi."

"Mtu naboeka na kifo ya nani? Ya mama yake?"

Nikavaa vipokea sauti vyangu. Kuanzia Jumatatu yeye alibaki dirishani tu, na mimi nikawa msomaji. Alihoji watu vilevile, akaandika majina yote vilevile kwa mwandiko wake mkubwa, akanipa daftari. Nami niliyapunguza kwa kalamu nyekundu. Vifo sita nilivimaliza kwa dakika tatu, nikitanguliza jina langu na kumalizia na jina langu. Mtaalamu aliinua kidole gumba nyuma ya kioo, akapanda ndege akaenda zake.

Dereva mmoja wa lori alikuja wiki ya tatu. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwenye mafuta ya gari mpaka viwikoni, akasimama dirishani bila karatasi. Mama alimsikiliza kidogo, kisha akageuka akaniita. "Kuja wewe. Hii mtu natafuta msomaji."

Nikaenda. Nilidhani amekuja kuomba wimbo.

"Ni wewe ulisoma habari ya Rebeka wa mtaa ya Juba Na Bari?" akaniuliza.

Nikasema sikumbuki. Na kweli sikukumbuka.

"Mimi nilikuwa Sherikat, pale karibu na daraja, nabadilisha tairi ya lori. Radio iko nalia ndani ya gari. Nilisikia Rebeka amekufa. Rebeka iko mingi hii mji. Ukasema jina ya mzee fulani, na mzee ingine, na wengine. Halafu muziki. Mimi nikafunga tairi nikaenda Nimule." Akajipangusa mikono kwenye suruali, ingawa suruali ilikuwa chafu kuliko mikono. "Mama yangu hakuna mtu anamwita Rebeka. Ni Mama Kisra. Juba yote inajua, alikuwa anapika kisra, ile mkate nyembamba ya mtama, pale miaka yote. Nimerudi jana. Wamemzika, sasa ni siku tisa."

Kutoka Sherikat mpaka Juba Na Bari ni daraja na boda moja. Mama alikuwa ameshafungua daftari lake kwenye ukurasa wenyewe, akaligeuza nilione. Yote yalikuwemo. Rebeka, aitwaye Mama Kisra. Watoto wake sita, wa nne akiwa huyu, jina lake, na mbele yake Mama alikuwa ameandika: dereva wa lori, yuko njiani, anayemwona amwambie. Maneno hayo ndiyo niliyopaswa kuyasoma, na yote yalikuwa yamekatwa kwa mstari mwekundu. Mstari huo ulikuwa wangu.

Niliona aibu, na bado naiona. Nilisema pole, nikasema tena, na mara ya pili ilisikika ndogo kuliko ya kwanza. Dereva aliendelea kujipangusa mikono. Mama ndiye aliyemjibu, akiwa ameegemea dirisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia hewani wala nje ya hewa.

"Mimi nilikuwa Uganda, kambini," akamwambia. "Nilikuwa namenya muhogo. Radio ya Juba ilikuwa naingia kidogo-kidogo. Nilisikia mwanamke amekufa, jina ya kanisa, na jina ya mjomba, na wengine. Nikasema, pole kwa wenyewe. Nikamaliza muhogo, nikapika, tukakula. Ilipita miezi nne ndio mtu alikuja kuniambia ni mama yangu. Kumbe wenyewe ni mimi."

Dereva aliinamisha kichwa kwenye ukingo wa dirisha. Mama akaweka mkono juu ya kichwa chake, wenye chumvi ya karanga na yote, akauacha hapo.

Miezi mingi nilikuwa nimegombana na mwanamke huyu, na hakuwahi kuniambia hilo. Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ulikuwa umevaa masikio."

Dereva aliomba kitu kimoja: tangazo lisomwe upya, hata kama mama yake ameshazikwa, ili asiwe ameondoka kama mtu mwingine. Kesho yake asubuhi Mama alirudi kwenye kipaza sauti. Nilizima muziki mwenyewe. Alisoma tangazo la Mama Kisra dakika sita nzima, na mwana wa nne alikaa kwenye ngazi za kontena akilisikiliza kwenye redio ya Msomali, iliyotolewa nje na kuwekwa juu ya gunia la mchele kwa ajili hiyo. Dakika arobaini za matangazo zilirudi mahali pake. Kipindi changu kikakatwa nusu, na sikusikia msikilizaji hata mmoja akilalamika, jambo ambalo liliniuma kuliko nilivyotarajia. Lile duara la mtaalamu Mama alilibandua ukutani, akalifanya la kufunikia karanga.

Alisoma miaka mingine kadhaa, mpaka macho yakamchosha na magoti yakaanza kupinga ngazi. Akarudi kukaa nyumbani kwake Juba Na Bari, kwa wajukuu na umbea. Siku hizi msomaji ni mimi. Sijitaji, na daftari ni lilelile, ingawa mwandiko umeharibika.

Mwezi uliopita nilikuwa dirishani, foleni ni ndefu, nikainua macho nikamwona amesimama wa tano juani kama watu wote. Nilitaka kumleta mbele, akakataa. Zamu yake ilipofika akanipa karatasi ya kifo. Nikasoma mstari wa kwanza. Lilikuwa jina lake.

Nilimtazama. Naye alinitazama, akisubiri nifanye kazi.

"Nani aliona?" nikauliza.

"Mimi mwenyewe. Naona kila asubuhi kwa kioo."

"Mama, redio haitangazi mtu mzima. Ni sheria yako."

"Nani amesema utangaze? Weka. Tarehe nimeacha wazi. Watoto yangu ni wavivu, najua wataandika nini." Akagonga karatasi kwa fimbo. "Ingiza mimi ndani. Nataka kusikia unasoma."

Nikamwacha msaidizi dirishani, nikamwingiza studio kwenye kiti chake cha zamani. Kipaza sauti kilizimwa, kipindi cha nyimbo za injili kilikuwa kinajiendesha chenyewe. Karatasi ilikuwa kurasa tatu. Baadhi ya majina yalikuwa yamefutwa, na kila nililoligusa alinieleza: huyu amenitangulia, huyu naye, huyu ni mkwe wangu, nimemtoa mpaka ajifunze kusalimia. Nikaanza kusoma. Jina la ubatizo, la nyumbani, la sokoni, la kambini. Halafu mama yake mzazi, kwa majina yake yote manne, yakiwa yamepigiwa mstari.

"Hapana kimbia hapo," akasema. "Rudia."

Nikarudia. Nikapita kwa wanawe, wajukuu, majirani wa Juba Na Bari, dereva wa lori mwana wa Mama Kisra, hata Msomali wa dukani. Sitaficha, nilikuwa naangalia mbele kidogo kila mstari, natafuta jina langu. Ukurasa wa tatu uliisha. Halikuwepo.

"Mama," nikasema, "mimi umenisahau."

"Wewe ni msomaji." Alisema kana kwamba nimeuliza jua linachomoza wapi. Kisha akanyoosha mkono, akanivua vipokea sauti vilivyokuwa vinaning'inia shingoni, akaviweka mezani mbali nami. "Tena. Toka mwanzo."

Nikasoma toka mwanzo. Yeye alifumba macho, akihesabu majina kwa vidole. Mara ya tatu ndipo alipotikisa kichwa kukubali, akakunja kurasa zake akaziweka mwenyewe kwenye droo, chini ya kalamu nyekundu. Nilimshika mkono kwenye ngazi, akanitukana kwa kila kidato. Alipofika chini alinyoosha nguo zake, akageuka.

"Sasa unasoma vizuri," akasema. "Lakini siku yenyewe, hapana kimbia. Mimi sitakuwa na haraka."